Mlango wa Mshona Makubadhi

Katika mji wa Marijani, mji wenye visima saba na umbea wa visima sabini, alitawala Sultani Mundhiri bin Shadadi, mtu wa huruma na mwepesi wa kuona haya. Siku moja akaja balozi wa nchi ya mbali, akapitishwa Mtaa wa Maduka, na alipoona kuta zilizoambuka chokaa na milango iliyoning'inia kwa bawaba moja, akauliza kwa adabu, "Vita vya hapa vilikwisha lini?" Sultani akasononeka siku tatu, na ya nne akapiga mbiu: kila mwenye duka dogo apewe dinari ishirini kutoka Baitulmali, hidaya na si deni, atengeneze uso wa duka lake, na mwezi ukiandama Sultani mwenyewe atapita kukagua, na duka litakalokuwa bado gofu, au zuri lakini halina mteja, litapewa mtu mwingine.

Mtaani humo alikuwako Mwidani, mshona makubadhi, kapera wa miaka arubaini, hodari wa mikono na mzito wa ulimi. Duka aliachiwa na baba yake, aliyeachiwa na babu yake, na hakuwa na pahali pengine duniani pa kuweka hata sindano. Mkabala wake alikaa Zeyuna, mjane muuza mahamri, ambaye jicho moja lilikuwa kwenye karai, na la pili, wasemao husema, lilikuwa kwa Mwidani.

Basi Mwidani akaenda mnadani na dinari zake, akanunua mlango mkongwe wa msaji wenye pete ya shaba, akaupachika, akaisugua ile pete kwa limau na majivu ipate kung'aa. Na mara moshi ukafuka na likatoka jini refu kama mnazi.

"Labeka, bwana wangu! Mimi ni Qarqashi bin Damdamu, niliyewajengea wafalme saba. Amuru!"

Mwidani alipopata pumzi akasema, "Nataka uso wa duka tu, baba. Chokaa kidogo, na kibao cha kukinga jua."

"Kidogo?" jini likauliza, kama mtu aliyetukaniwa mamaye. "Neno hilo sikufundishwa."

Na kabla Mwidani hajafumba kinywa, pakasimama nguzo za marumaru, na nakshi za dhahabu, na taa za bilauri, na juu ya yote kuba la kijani linalomeremeta hadi bandarini.

Asubuhi akapita hamali na gunia la mpunga. Akalitua, akavua makubadhi yake, akainua mikono, akasoma Fatiha. Nyuma yake akaja mwingine, kisha wanawake wawili na chetezo cha ubani. Na adhuhuri makubadhi yalikuwa yamepangwa mlangoni safu kwa safu, na mji mzima ukinong'ona kwamba pameota kaburi la walii.

"Jamani, hapa dukani! Karibuni!" Mwidani akaita.

"Mnamwona mtunza kaburi?" watu wakaambiana. "Unyenyekevu ulioje!"

Wala hakuna aliyeleta kiatu kushonwa, kwani nani ataleta kubadhi linalonuka mbele ya walii? Mwidani akalililia jini lipunguze, na jini likajibu, "Bwana wangu, mjenzi wa ukoo wetu habomoi. Lakini mnara naweza kuongeza."

"Usiongeze kitu!"

Siku zikapita, zikabaki tatu. Jirani wakamshauri ale sadaka walizoziacha wenye kuomba, atulie. "Nile sadaka za walii asiyekuwepo?" Mwidani akasema. "Bora nilale na njaa." Akajikunyata nyuma ya mlango, na huko ndiko Zeyuna alikomkuta, na sahani ya mahamri mkononi.

"We Mwidani, umefiwa?"

"Nimekwisha, Bi Zeyuna. Sina mteja hata mmoja."

"Huna mteja! Watu mia wamekuvulia makubadhi mlangoni, haya yamepasuka nyayo, haya yamekatika gidamu, na wewe fundi wa makubadhi unalilia ukutani! Toka nje, mwanamume, kabla sijakutoa mimi."

Mwidani akatoka na sindano na nta, akaketi kizingitini, akashona. Watu walipomaliza dua wakakuta gidamu nzima, wakapiga kelele, "Karama!" Naye akasema, "Si karama, ni uzi. Ni mimi Mwidani." Wengine wakacheka na kumlipa, na kesho yake wakaleta viatu vya nyumba nzima, wengine wakazidi kulia na kuomba.

Mwezi ukaandama, na Sultani akaja kwa miguu, akichechemea, na mawaziri nao wakichechemea nyuma yake, maana kwa miaka saba huo ndio uliokuwa mwendo wa enzi. Alipoliona kuba akatokwa machozi, akavua makubadhi yake ya hariri, akasimama kuomba. Mwidani, kwa mazoea ya mkono, akaliokota la kulia, akatia kidole ndani, akakuta msumari umechomoza. Akaung'oa, akapiga kiraka cha ngozi juu ya tundu. Sultani akavaa, akakanyaga, akasimama wima kama mshale.

"Subhanallah! Maumivu yamekwenda! Ni walii gani huyu?"

Waziri akamnong'oneza Mwidani, "Taja jina lolote, upewe wakfu. Ukimwaibisha Sultani mbele ya umma, shingo yako haitakuwa ya kushoneka."

Mwidani akalitazama duka la babu yake, kisha akapiga magoti. "Maulana, hapa hapana walii. Pana mshona makubadhi, na pana huu," akasema, akaunyoosha mkono wenye msumari.

Ubani ukasikika ukipasuka makaani. Sultani akautazama msumari, akawatazama mawaziri. "Miaka saba! Na hamkuuliza?"

"Maulana," waziri akajibu, "tulidhani ndivyo wafalme watembeavyo."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka. "Kumbe wa kunikagua mimi ndiye huyu! Omba utakalo, Mwidani."

"Nipunguziwe mlango, Maulana."

Basi waashi arubaini wakalihamishia kuba kwenye msikiti mkuu, na jini likapelekwa kujenga nyumba ya wasafiri, nalo likafurahi kwa kuwa huko hakuna aliyelitajia neno "kidogo". Mwidani akapaka chokaa kwa mkono wake, akatundika kibao, akajenga baraza ya wateja kukalia, na akawa mshonaji wa jeshi na wa jumba la enzi, na utajiri ukamjia asiutafute. Sultani akatoa mahari, na siku ya nikaha Zeyuna akamwambia kadhi, "Andika upesi, sheikh. Huyu akipewa nafasi ya kufikiri atashika kiatu kingine."

Hapo ndipo neno lilipotua. Uso wa duka ni kama uso wa mtu: ukimwambia maskini "karibu" umetimia, na dhahabu ni nyongeza. Na mawaziri wa Marijani wangali wanachechemea, kwani kilichoingia kwa kujipendekeza hakitoki kwa koleo.