Mzee Aliyekwenda Kuaga Majirani

Ndugu zangu, mfano wa leo nitauharibu. Nasema mapema ili baada ya ibada msinifuate pale mlangoni. Jana niliusimulia nyumbani kwa mazoezi, nikacheka mwenyewe kabla ya kufika mahali pa kuchekesha, nikaruka sehemu ya katikati, nikarudi kuichukua, na nilipomaliza wanangu wakaniuliza, "Sasa baba, huyo mzee alihama au hakuhama?" Kwa hiyo mkiniona napotea, kohoeni. Nitaelewa.

Kulikuwa na mzee mmoja, kazi yake ilikuwa kushona magodoro ya sufi. Vijana, ulizeni wazazi wenu sufi ni nini. Nusu ya Kariakoo ililala juu ya kazi ya mikono ya mzee huyu kabla ya hizi sponji kuja. Alizaliwa Kariakoo, akaoa Kariakoo, akazeekea Kariakoo, katika nyumba ile ile ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani bomba na mfuniko wa kisima, mbele baraza lililopakwa rangi nyekundu.

Na mzee huyu alikuwa na desturi. Kila siku saa kumi alasiri alitoka na mkeka, akautandika barazani. Akarudi ndani akaleta jiko. Akarudi akaleta dele la kahawa, lile la shaba. Kisha akapanga vikombe vinane. Vinane, maana wenzake wa baraza walikuwa saba, naye wa nane. Mnakumbuka jioni zile? Tangawizi inanukia mpaka mtaa wa pili. Mmoja ana redio, mmoja ana habari ambayo redio haina. Mzee Shomvi anashindwa bao na kusema jua lilimwingia machoni, saa kumi na mbili na nusu, jua lenyewe limeshazama! Mama Tunu wa nyumba ya ng'ambo anapitisha sinia la vitumbua na kuapa kwamba vimeungua, ili wamsifu. Fundi Mbwana, mtengeneza redio, anacheka mpaka meno ya bandia yanaanguka kwenye kahawa, na anaendelea kuinywa ile ile.

Basi. Siku moja binti yao, Siwema, akapiga simu. Amejenga Chanika. Kuna upande wa nyumba uko wazi, chumba na sebule, ua mpana, mipapai, kimya. Akasema, "Wazazi wangu, njooni mpumzike. Ila nipeni jibu kabla ya Jumapili, kuna mwalimu wa shule ya jirani anapataka."

Mke wa mzee akamfuata mumewe barazani.

"Baba Siwema, tunahama au hatuhami?"

"Tuhame tumwachie nani watu?"

"Watu gani?"

"Watu wa mtaa, mke wangu! Watu wangu. Huko Chanika nitaongea na nani? Na mipapai?"

"Na mimi hapa naongea na nani?" akauliza Mama Siwema.

Mzee alikuwa anamimina kahawa. Mkimimina kutoka dele mnajua, jicho lote liko kwenye kikombe.

Sasa wanawake mlio hapa, mngefanyaje? Mngenuna? Mngempikia mlenda siku tatu? Mama Siwema hakununa. Akasema kwa sauti tamu, ile sauti ambayo sisi wanaume tukiisikia tungepaswa kukimbia:

"Haya. Lakini sisi si watu wa kuhama kama wezi. Leo Jumatatu. Nenda kawaage majirani, nyumba kwa nyumba. Wakikulilia, wakikung'ang'ania, tunabaki, na neno Chanika hutalisikia tena kinywani mwangu. Wakikwambia nenda salama, tunafunga vyombo."

Mzee nusura aruke. Ameshinda! Akaingia ndani akatoa koti alilovaa siku ya harusi ya Siwema, akachana nywele zilizobaki, akaandaa na hotuba. Fupi, ya kuliza. Alipanga kuikatisha katikati pale watu watakapoanza kumshika mikono.

Akaanza na nyumba ya Mama Tunu. Akafika, akasimama, akasema, "Hodi hapa." Ndani kumejaa mabeseni ya plastiki, mekundu na ya kijani, mpaka darini. Binti aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akainua uso kutoka kwenye simu.

"Karibu baba. Jumla au rejareja?"

"Binti yangu, nimekuja kuaga."

Binti akageuka, akatazama rafu ya kwanza, akatazama rafu ya pili. "Hiyo imekwisha baba. Jaribu duka linalofuata."

Mzee akasema moyoni, huyu mtoto, ngoja niende kwa watu wazima. Akaenda kwa Fundi Mbwana. Akakuta kibao kimetundikwa: nyumba ya wageni. Mapokezi yupo dada mmoja nyuma ya kidirisha.

"Karibu mzee. Kitambulisho. Unalala, au unapumzika saa mbili?"

Nyie mnaocheka pale kwenye kwaya, hebu mniambie. Mnacheka nini? Mmejuaje? Tutaonana ofisini.

Mzee akatoka pale akikimbia, koti la harusi linapepea. Amebaki Mzee Shomvi. Shomvi hawezi kumwangusha. Akakunja kona kurudi mtaani kwake, akafika, akainua kichwa kutazama paa la Shomvi, na paa halikuwepo. Akainua tena. Ghorofa moja, mbili, tatu, akaendelea mpaka shingo ikamuuma kwenye ya nane. Jenereta linanguruma, wapagazi wanapita na mikokoteni, "Pisha mzee, pisha!" Naye amesimama katikati ya njia na hotuba yake.

Msimpige mawe, jamani. Hakuwa amerukwa na akili. Alijua nyumba zinavunjwa. Vumbi lake alilimeza. Alijua Shomvi alikwenda kwa mwanawe Mbagala na kwamba Fundi Mbwana walimzika. Alijua kila moja kwa siku yake. Ila hajawahi kuzijumlisha. Wewe je, umewahi? Mtu akihama leo unasema ah, bado tupo. Mwaka ukapita, mwingine akaenda, ukasema ah, bado tupo. Huyo "tupo" wako ni wangapi sasa?

Mlangoni mwa lile ghorofa alikuwa amekaa mlinzi. Mlinzi akamwona mzee amevaa vizuri, anatokwa jasho. Akainuka upesi, akampa kiti chake cha plastiki, akakifuta kwa kofia.

"Shikamoo mzee. Kaa, kaa. Karibu sana. Wewe ni mgeni hapa mtaani? Niambie unamtafuta nani, nikuelekeze."

Mgeni! Ndugu zangu, mgeni!

"Mimi?" mzee akasema. "Mimi kitovu changu kimezikwa mtaa huu."

"Nyumba ipi, mzee wangu?"

Akanyoosha kidole. "Ile. Yenye baraza jekundu."

Mlinzi akapiga makofi. "Ahaa! Kumbe wewe ndiye mzee wa vikombe! Miaka minne nakuona kutoka hapa. Kila jioni nasema, mzee yule leo ana wageni. Harufu inanijia mpaka mate yananitoka. Lakini nikawa naona haya kusogea, maana kila kikombe nilidhani kina mwenyewe."

Mzee akafungua mdomo. Hotuba haikutoka. Akauliza swali moja tu, swali la mtu aliyefika mtaani leo: "Unaitwa nani, baba?"

"Naitwa Ambakisye."

Miaka minne. Hatua sitini kutoka barazani kwake.

Akarudi nyumbani. Mama Siwema alikuwa amejiandaa kumcheka, nisiwadanganye. Alikuwa na maneno matatu manne ameyapika. Alipomwona anavyotembea akayameza.

"Wamesemaje, Baba Siwema?"

"Nimekwenda kuwaaga," mzee akasema, "wamenikaribisha."

Wakakaa barazani wote wawili. Vikombe vinane mbele yao, kimoja kichafu. Na hapo mke akamwambia. Kwamba miaka mitano hajasikia mtu uani akimwambia, "Shoga, umeamkaje?" Kwamba bomba lile, lililokuwa likigombewa na wanawake sita na umbea wa wiki nzima, sasa analifungua peke yake na linamwagia ndoo moja. Kwamba kila jioni huosha vikombe vinane, vyote, hata visivyoguswa, ili mumewe asione aibu. Kwamba Mama Tunu yuko Chanika hiyo hiyo, nyumba ya nne kutoka kwa Siwema, na kila wakiongea kwenye simu humwambia, "Njoo basi, nani huku atanisifia vitumbua?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Mara nyingi tu. Ulikuwa unamimina kahawa."

Mzee akavua koti. "Basi tuhame. Kesho asubuhi."

Nanyi mngedhani mama atapiga vigelegele, si ndiyo? Alikwisha shinda. Lakini yule mama akatikisa kichwa.

"Kesho hatuhami. Utawaagaje watu ambao hujawasalimu? Anza kusalimu kwanza."

Basi Jumanne, saa kumi, mkeka ukatandikwa. Mzee akavuka barabara mwenyewe akamleta Ambakisye. Jumatano akaja yule binti wa mabeseni na ndoo yake ya kukalia. Alhamisi dada wa mapokezi akapita, akasema anakaa dakika tano, akakaa mpaka bosi wake akamfuata, na bosi naye akapewa kikombe. Ikajulikana kwamba Ambakisye anacheza bao, na akishindwa anasema jenereta lilimchanganya! Mzee akacheka kicheko ambacho mkewe alikuwa hajakisikia tangu Fundi Mbwana yuko hai. Kufika Ijumaa vikombe vilikuwa vinane, na vyote vichafu.

Jumamosi lori likaja. Godoro la sufi likabebwa mwisho, Ambakisye kashika upande mmoja. Alipoliweka garini akaegemea bodi, mtu mzima yule, mabega yakaanza kumtikisika.

"Mzee, ndiyo kwanza tunakuzoea."

Na yule binti wa mabeseni machozi yakamtoka, na mzee machozi yakamtoka, akageuka upesi, uso umeng'aa kama wa mtoto. "Mama Siwema! Umeona? Wananililia! Ulisema wakinililia tunabaki!"

Mama Siwema alikuwa ameshakaa mbele kwa dereva. "Lile sharti lilikuwa la Jumatatu," akasema. "Panda gari."

Wakaenda Chanika. Alihama, wanangu, mmesikia? Alihama.

Sasa sisi. Msidhani nimekuja kuwaambia mhame, wala mbaki. Hayo kaulizaneni na mnaoishi nao, na mkiuliza, wekeni dele chini. Mimi nazungumza na hawa wanaosema, "Zamani mtaa ulikuwa mtaa, kanisa lilikuwa kanisa, watu walikuwa watu." Kweli, walikuwa. Mimi pia nawakumbuka. Lakini tumeamriwa kumpenda jirani, ndugu zangu. Aliyehama tumkumbuke, tumpigie simu, tumwombee. Aliyepo ndiye tutakayeulizwa habari zake. Tunawapangia vikombe waliokwenda, tunakaa kusikitika kwamba hakuna watu, na ng'ambo ya barabara mtu amekaa miaka minne anaona haya kusogea.

Niwaambie ukweli, kisha tusimame kuomba. Mahubiri ya leo hayakuwa haya. Nilikusudia kuwasema waliotuacha, hawa waliohamia pembezoni mwa mji na kuacha viti vitupu. Nikakaa kuandika majina yao, nisome mmoja mmoja. Yakanijia kama maji: thelathini na wawili, na watoto wao, na nani alikuwa akiimba sauti ya ngapi. Nikajisifu, tazama mchungaji anavyowajua kondoo wake! Kisha nikageuza karatasi, nikasema, upande huu niandike waliopo, hawa wanaonitazama kila Jumapili, ninyi. Nikakaa hapo saa nzima na kalamu. Nilipata majina tisa.

Na la kwanza ni la mke wangu, nililiandika ili orodha ipate pa kuanzia.