Mzee Tokusa na Shairi Bovu

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama watu wenye njaa. Sogeeni motoni, maana ninakowapeleka leo kuna theluji.

Hapo zamani za kale, katika milima ya Japani, alikuwapo mzee mmoja jina lake Tokusa. Kazi yake ilikuwa kutunga haiku. Haiku ni shairi fupi, fupi kuliko salamu zetu za asubuhi: mstari wa sauti tano, wa saba, wa tano tena, basi. Msicheke, kazi hiyo ilimzeesha. Tena ilikuwa na mwiko wake. Kila shairi lazima litaje kitu cha majira yake, na cha majira hayo tu: chura ni wa machipuko, theluji ni ya baridi. Ukichanganya, umeharibu. Tokusa alizunguka milimani miaka arobaini akitafuta mashairi, na hakuharibu hata moja.

Mkewe Otane alibaki nyumbani. Uzeeni akapofuka, kisha akaugua, akawa mtu wa kulala tu. Majira aliyajua kwa mashairi ya mumewe. Siku moja akamwambia, "Mume wangu, nimechoka. Nilizaliwa miplamu ikichanua, na nitaondoka ikichanua. Ukiyaona maua, niambie kwa shairi, nijiandae."

Tokusa akakubali. Miplamu, miti ya matunda ya huko, huchanua baridi ikiisha, na baridi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza; akaona muda anao.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja anatoka, theluji magotini, na mplamu wa uani umechanua. Akafumba macho, akafumbua. Maua yapo.

Akamwuliza mplamu, "Haya ni majira gani?"

"Mzee, usiniulize mimi," mplamu akasema. "Jua lilinipiga siku mbili, nikadhani muda umefika. Sasa naona haya kuyarudisha."

Akaenda hadi kwenye chemchemi ya maji moto, akamkuta chura anaimba. "Haya ni majira gani?"

"Humu majini ni machipuko," chura akajibu. "Huko nje sijui, sijatoka."

Akaenda hadi shamba la mpunga, akamkuta bata bukini peke yake, wenzake wamekwisha kuhama. "Haya ni majira gani?"

"Ningejua, ungenikuta hapa?"

Tokusa akarudi amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Akinyamaza, anamficha mkewe. Akisema, anampoteza. Na katika shairi hajawahi kusema uongo. Akaketi kando ya Otane, na maneno yakamtoka yenyewe:

*Theluji chini,*
*chura aimba juu,*
*sijui lini.*

Otane akahesabu kwa vidole. Akakunja uso. "Theluji na chura katika shairi moja? Bwana, unaumwa?"

"Nimechanganyikiwa, mke wangu."

"Mimi siwezi kuondoka na shairi bovu masikioni. Kalitengeneze."

Tokusa akaona njia. Kesho yake akaleta lenye sauti nane katikati. "Bovu. Kalitengeneze." Keshokutwa yake akaleta lenye mwezi mara mbili. "Bovu. Kalitengeneze." Siku ya tatu akaleta lisilo na majira kabisa. "Bovu. Kalitengeneze." Otane akawa anaketi ili amkaripie vizuri, na kwa kuwa kukaripia kunataka nguvu, akaanza kunywa uji.

Wanafunzi waliokuja kwa Tokusa kujifunza kutunga waliyasikia mashairi hayo kupitia kuta, maana kuta za huko ni za karatasi. Wakashangaa, wakaona aibu, wakamhama mmoja mmoja. Jina lake likawa mzaha hadi mjini. Nawauliza nyinyi, mtu hutupa jina la miaka arobaini namna hiyo? Yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama anamponya mkewe au anamdanganya. Aliendelea kuharibu tu.

Baridi ikapita. Miplamu yote ikachanua, safari hii kwa wakati wake, ikapukutisha maua. Tokusa kimya. Kiangazi kikaingia, naye bado analeta mashairi ya theluji.

Siku moja Otane akamshika mkono. "Tokusa, harufu ya maua niliisikia siku ile ya kwanza, ulipofungua mlango."

Mzee akauliza, "Kumbe ulijua? Mbona basi hukuondoka?"

"Miaka arobaini ulikuwa milimani, mimi niko hapa, najua kwamba unayapenda mashairi kuliko mimi. Siku ile nikasikia umeharibu moja kwa ajili yangu. Nikataka kusikia la pili."

Tokusa akalia bila kuficha. Kisha akauliza, kwa sababu kweli hakujua, "Sasa nifanye nini?"

"Kaa hapa," Otane akasema. "Niharibie lingine."

Hapa ndipo hadithi yangu inapolala. Anayetaka kuiamsha, kwanza aongeze kuni.