Kwa Nini Mwalimu Huanza Kusema

Ninyi mliojiunga na kikundi chetu mwaka huu nimewasikia mkinong'ona kwamba tunakawia. Mnauliza kwa nini mwanahesabu, hata awe bingwa wa namna gani, hafungui kinywa mpaka kila mwalimu ametaja linalomtatiza. Basi tulieni niwaambie, na atakayesinzia atoke nje.

Zamani wanahesabu na walimu hawakuketi pamoja. Wanahesabu walikaa juu ya jiwe, walimu wakakaa chini, wakapokea walichopewa na kwenda kuwafundisha watoto. Mwalimu hakuuliza. Aliwahi kuuliza mmoja akachekwa mwaka mzima, hata wanawe wakamtania. Ujinga mtupu, lakini ndivyo walivyoishi.

Kazi kubwa ya wanahesabu ilikuwa kupima mwendo wa maji. Kiangazi Mto Mkomba ulikauka, na watu walilima viazi humo mchangani. Mvua ilipoanza mlimani, maji yalichukua siku kadhaa kufika bondeni, na yalifika kwa ghadhabu. Mwaka mmoja Mzee Senkondo, mkuu wa wanahesabu, alichukua kamba. Siku mvua ilipoanza alipiga fundo, na kila siku akapiga jingine, hadi siku maji yalipofika. Mwaka uliofuata aliinua kamba ile mbele ya walimu.

"Mafundo kumi," alisema. "Mvua ikianza mlimani, hesabuni siku kumi mbele. Kabla ya hapo mto ni salama."

Nakunda, mwalimu wa watoto wadogo, aliitazama kamba akaona kosa. Wanafunzi wake walilifanya kila siku, wakihesabu vidole badala ya hatua za kutoka kidole hadi kidole. Fundo la kwanza lilikuwa siku ya mvua yenyewe. Mafundo kumi yalikuwa na nafasi tisa katikati yake. Maji yangefika siku tisa baada ya mvua, si kumi.

Alifungua kinywa, kisha akakifunga. Alijiambia kwamba mtu mkubwa vile hawezi kukosea jambo la watoto, bila shaka ni yeye asiyeelewa. Mimi humwonea huruma, na humkasirikia pia.

Mvua ilianza. Siku tisa baadaye, asubuhi, watoto wa shule waliteremka mtoni kuchimba viazi vya mwisho, na Nambua, binti wa pekee wa Nakunda, alikuwa miongoni mwao. Nakunda alisimama mlangoni akitaka kumwita arudi. Hakumwita. Angewaambia nini watu, kwamba amemsahihisha Senkondo?

Maji yalifika kabla jua halijapanda. Watoto kumi na wanne waliingia mtoni, wakatoka watatu. Nambua hakutoka.

Senkondo alikuja ukingoni na kamba yake, akahesabu mafundo tena na tena, na kila mara akapata kumi. Nakunda aliichukua mkononi mwake, akapitisha kidole katika kila nafasi, polepole, kama alivyozoea darasani. Tisa.

"Ulijua, mwalimu?"

"Nilijua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipoinua kamba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mzee? Ni lini mlituuliza?"

 Baada ya matanga, wanahesabu walipopanda juu ya jiwe, Senkondo aliketi chini mchangani kati ya walimu. "Anza wewe," alimwambia Nakunda. Nakunda alishindwa, akalia tu. Wenzake Senkondo walitaka kuendelea na kikao, yeye akawakataza. Walimsubiri Nakunda hadi alasiri, ndipo akasema.

Na tangu siku hiyo, mwanahesabu huketi chini na kunyamaza, na mwalimu huanza. Hatuinuki mpaka wa mwisho amesema, na asemapo hakuna anayecheka. Wapita njia hutuona tunapoteza muda, nasi hatuwajibu. Nakunda alifundisha miaka mingi baadaye na hakunyamazia kosa tena, la mkubwa wala la mdogo. Hilo halikumrudishia mtoto.

Haya. Wewe uliyeketi nyuma, unayetazama chini tangu tulipofika. Anza.