Bomba Lililokatwa Siku ya Mgao

Kulikuwa na bwana mmoja huko Njombe, fundi wa kila kitu kwa mdomo. Spana hajawahi kuishika, lakini ukimsikiliza utadhani mabomba ya mji mzima kayalaza yeye.

Mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji, siku ya sita. Mwezi wa sita huo, baridi ya kugandisha mafuta ya kupaka. Bwana akatangaza, "Hita ya maji inakaa bafu la nje, ya nini? Naihamishia bafu la humu chumbani. Mwenyewe. Utaoga maji moto bila kuvuka uwanja."

Msicheke. Hapo alikuwa na upendo.

Mkewe akauliza, "Umefunga koki ya tangi?"

Ndugu zangu, koki ilikuwa uani kwa kaka wa huyo bwana. Baba yao aliwaachia tangi moja, nyumba mbili, koki moja upande wa pili wa ukuta. Na hao wawili wana mwaka wa pili hawasalimiani. Kisa? Nani alistahili kubeba msalaba siku ya kumzika baba!

"Leo mgao," bwana akajibu. "Mji mzima hauna maji. Bomba kavu."

"Na yaliyomo kwenye tangi?"

"Mama, niache nifanye kazi."

Umeme alizima, akili hiyo alikuwa nayo. Akakata bomba. Maji yakamrukia usoni! Akaziba kwa kidole, yakapita. Akaziba kwa taulo, yakapita, yakafika chumbani, yakalowesha godoro alilolazwa mtoto.

"Mwite kaka yako afunge!"

"Simwiti! Heri tuogelee!"

Basi mwanamke mwenye nyuzi tumboni akamfunga mtoto kwenye khanga, akatoka kwenye baridi ile, huku ameushika mshono, akauzunguka ukuta. Njiani alijiambia shemeji hayupo, angekuwepo angeshafunga. Akamkuta. Amekalia ndoo, mkono uko juu ya koki.

"Shemeji! Ulikuwa unasikia?"

"Tangu mwanzo. Nasubiri aniite yeye."

Mwanamke aliusukuma ule mkono, akafunga mwenyewe, mtoto analia kifuani.

Haya, niambieni, mjinga ni yupi? Aliyekata bomba? Au aliyekaa kwenye ndoo akisikiliza kichanga kinalowa? Mnamnyooshea kidole yule wa kwanza kwa sababu anachekesha. Mimi wote wawili wananikera, tena wananikera kwa sababu ndio sisi! Sisi tunaojua kabisa ndugu anazama, tunakaa tunasubiri atutamkie jina. Na wanaolowa ni watoto ambao hata kwenye huo msiba hawakuwepo.

Kwaya, kaeni. Msiimbe kwanza. Humu ndani kuna wawili, wanajijua: mmoja kaingia kwa mlango wa mbele, mwingine kila Jumapili huzunguka wa nyuma ili wasikutane. Wazee wa kanisa, naomba mkaufunge mlango wa nyuma. Leo tunatoka kwa mmoja.