Ukuta wa Mzee Himidi

Hapo wifi ilipoingia Mji Mkongwe, kuta za mawe hazikuipisha. Kwa Bi Zuwena iliishia sebuleni. Chumbani, alikofundishia kwa video, haikufika kabisa, na wanafunzi walianza kumkimbia. Akamwomba mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa ukuta kidogo, apitishe waya.

"Hasha!" alifoka Mzee Himidi, ambaye mapenzi aliyoupa ukuta ule mkewe hajawahi kuyaonja. "Ukuta wa babu yangu hauguswi!"

"Kweli, mzee, tuuheshimu. Ila fundi kashangaa. Kasema ukuta unaozuia wifi namna hii huenda una madini ndani. Marehemu babu yako si ndiye aliyekuwa sonara?"

Mzee akameza mate. "Hebu nenda sokoni, binti. Wala usiharakishe kurudi."

Aliporudi, alimkuta mzee kashika nyundo, kajaa chokaa mpaka kwenye kope, na ukutani pana pengo la kupita mbuzi.

"Panya hawa!" alisema mzee, akihema.

"Wakarimu kweli panya wako," alisema Zuwena, akitoa waya mpya kikapuni. "Mimi niliomba tundu la kidole, wao wamenipa mlango."