Bao la Pimbi na Chui

"Waliokaa mpo?"
"Tupo!"
"Waliolala je?"
"Waamshwe wasikie!"

Haya. Zamani wanyama walikuwa na kazi na usingizi, basi. Aliyekuwa na jambo jingine ni Pimbi peke yake, yule mnyama mdogo wa majabalini. Alipata jiwe lenye vishimo, akaokota mbegu za komwe zikawa kete zake, akawa anacheza bao.

Siku hiyo alikuwa akicheza na Mjusi. To, to, to, kete zinaanguka. Mara Chui huyo! Mjusi, chururu, katoweka. Pimbi hakuwahi. Mkewe na watoto wamo ndani ya ufa wa jabali, na Chui kasimama mlangoni.

"Leo nakula wewe, kisha mkeo, kisha watoto."

"Sawa, Bwana Chui. Ila bao liko katikati, na kwetu bao halivunjwi. Mjusi kakimbia. Shika upande wake tumalize."

"Bao ndiyo nini?"

"Kitu cha kupitishia wakati."

"Wakati si unapita wenyewe?"

"Unapita, bwana. Wewe unakuwa wapi ukipita?"

Chui akajikuna kichwa. Hakuwahi kuulizwa swali kama hilo, na hata mimi nikiliwaza hujikuna vilevile.

"Na anayeinuka kabla halijaisha," Pimbi akaongeza, "ameshindwa."

"Mimi? Nishindwe na kitoweo?" Chui akakaa chini. "Nitakushinda kwanza, kisha nitakula."

To, to, to. Pimbi akamfundisha, Chui kainamia vishimo. Mama Pimbi akatoka na watoto nyuma ya mkia wa Chui, nyata, nyata, wakaenda zao. Chui haoni. To, to, to. Pimbi akamwachia makusudi, Chui akashinda. Akacheka! Maisha yake yote hakuwahi kucheka, hata akajishtua mwenyewe.

"Haya, nile sasa," akasema Pimbi. "Lakini kesho utacheza na nani? Mjusi harudi huyo."

Chui akamtazama Pimbi. Akazitazama kete. Tumbo likanguruma, nguuu!

"Panga kete," akasema Chui.

Jua lilipozama, Pimbi akawafuata wanawe, mzima hana hata mkwaruzo. Asubuhi mkewe akamwona anatoka.

"Baba watoto, wapi tena?"

"Kumdanganya Chui."

"Si ulishamdanganya jana?"

Pimbi alikuwa anachagua kete nzuri.

Funzo lake mmeliona? Michezo ni ya wavivu. Chui angeshika kazi yake, angelala ameshiba, na Pimbi asingekuwa na mtu wa kumsumbua hadi leo. Kwa hiyo msicheze, wanangu. Fanyeni kazi.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeitaka na aibebe. Asiyeitaka aniwekee, nitaipitia nikitoka baoni.