Nyenje Nyuma ya Mafiga

Paukwa!

—Pakawa!

Nani huyo ameitikia na mdomo umejaa muhogo? Meza kwanza. Paukwa!

—Pakawa!

Haya. Hapo zamani, kabla sufuria hazijafika huku milimani kwetu, alikuwepo mfinyanzi akiitwa Nakunda. Vyungu vyake vilisifiwa mpaka bondeni. Msimu mmoja chungu chake kikubwa kikapasuka motoni mbele ya wanawake wenzake. Hakuna aliyemcheka, lakini alirudi nyumbani kichwa chini. Jioni ile nyenje mmoja akaingia ndani, akajibanza nyuma ya mafiga.

"Kitapasuka, kitapasuka, kitapasuka tu!" akaanza Nyenje.

"Nini kitapasuka?" Nakunda akauliza.

"Ulichofinyanga leo. Na cha kesho. Wenzako wameshajua hufai, wanaona haya tu kukwambia."

Tangu hapo Nakunda akawa anafinyanga, anakausha, anapanga vyungu ukutani. Siku ya kuchoma ikifika, moyo unamwenda mbio, viganja vinalowa jasho, anasema anaumwa. Na chungu kisichochomwa, mnajua wenyewe, ni udongo tu. Masika yakiingia, unyevu unakirudisha kuwa tope. Mawingu nayo yalishaanza kukusanyika.

Akapita Chiriku, ndege asiyejua kunyamaza. Akamwona Nakunda amejiinamia mlangoni.

"Dada, acha mawazo! Sema kitaiva, kitaiva, kitaiva tu!"

Nakunda akalishika neno hilo. Akachukua chungu alichokimaliza jana yake, asikiweke hata shavuni kusikia kama bado kina ubaridi wa maji. Akakitia motoni huku anaimba, kitaiva, kitaiva. Paa! Vigae vikaruka mpaka uani. Chiriku alikuwa ameshahamia mti mwingine.

"Nilikwambia," akasema Nyenje. "Nilikwambia, nilikwambia!"

Basi Nakunda akalala. Kunakucha haamki, ugali unapoa, nywele hazisukwi. Hakuwa mvivu, msimseme vibaya. Mwili wenyewe ulikuwa mzito kuubeba. Huzuni ile ilikuwa kubwa, nami naisema kama ilivyokuwa.

Wifi yake Namsi, naye mfinyanzi, akaja kubisha. "Hodi, wifi! Hodi! Hodi! Usipoitika naingia hivyo hivyo." Akaingia. Hakumwambia inuka. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Nimemsikia huyo mdudu wako tangu nje. Anakwambia nini?"

"Anasema vyungu vyangu vyote vitapasuka."

Namsi akauvuta mtungi wa maji uliokuwa karibu, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ngo! "Wifi yangu, wewe chungu hukiamini mpaka ukigonge. Mbona maneno ya Nyenje unayameza bila kuyagonga? Hebu tuligonge hili. Vyote vitapasuka? Maharage yangu ya leo yako motoni kwenye nini?"

Nakunda akafikiri. "Kwenye chungu changu."

"Na mama mkwe anahifadhi maji kwenye nini?"

"Kwenye mtungi wangu."

"Basi neno hilo lina ufa. Weka kando. Lete lingine."

"Anasema mnaona haya kuniambia sifai."

Namsi akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi nione haya? Mimi niliyesema mbele ya mashemeji kwamba mchuzi wako hauna chumvi?"

Nakunda akatabasamu, kidogo tu.

"Lingine?"

"Anasema chungu cha juzi kilipasuka."

Namsi akaugonga mtungi tena. "Hilo ni zima. Kilipasuka kweli. Kwa nini?"

"Kilikuwa kibichi." Nakunda akaketi. "Kilikuwa kibichi tu, wifi!" Akalia sana, na kilio kile kikamtua mzigo.

Siku hiyo hakutoka nje, lakini alikula. Namsi akaja kesho yake, akaja kesho kutwa, akaja na mtondo, wakawa wanagonga maneno. Radi ya kwanza iliposikika mbali, Nakunda mwenyewe akavitoa vyungu, akaviweka shavuni kimoja kimoja. Vibichi akavirudisha jikoni vikauke. Vikavu wakavichoma pamoja na vya wenzao. Moyo ulimwenda mbio vilevile, ila safari hii alikuwa amemshika wifi yake mkono.

Moto ulipopoa, akagonga. Ngo! Ngo! Ngo! Kisha kimoja kikatoa sauti ya ufa. Wanawake wakamtazama. Nakunda akakigeuza huku na huku.

"Hiki kitafaa kutilia majivu," akasema, akaendelea na kingine.

Mvua ikawakuta njiani. Wakakimbia na vyungu vichwani, wanacheka, wanalowa, wala hakuna aliyejali, maana chungu kilichoiva hakiogopi maji.

Nyenje hakuhama. Jioni ile ile alianza tena nyuma ya mafiga, "Kitapasuka, kitapasuka..."

"Huenda," akasema Nakunda, akijifunika shuka. "Nitakigonga kesho." Akalala fofofo.

Hadithi yangu imeishia hapo, na kuni zetu nazo zimeishia hapo. Nawe wa muhogo, ukimsikia nyenje leo, usimsikilize peke yako. Njoo uniambie anasema nini.